Mazoezini nagonga kila mpira, kwenye mechi napotea kabisa. Ni kichwa au nini? (Besiboli, Moshi)

Gongo la Pasua (mleta uzi), Jumatatu saa 2:14 usiku

Wakuu, habari za jioni. Najua humu ukisema michezo watu wanasikia Simba na Yanga, ila nimekosa pa kulia.

Nina miaka 19, naishi Moshi, nacheza besiboli tangu kidato cha pili. Mwalimu mmoja wa kujitolea kutoka Japani ndiye alituanzishia, na alisharudi kwao siku nyingi. Tulibaki na magongo matatu ya alumini, kofia ngumu mbili za kugombania, na glavu ambazo nusu yake tumezitoa Memorial kwenye mitumba. Muuzaji mmoja alituuzia glavu ya mdakaji kwa bei ya chee akiamini ni ya kutolea mikate kwenye oveni. Hatukumsahihisha.

Sasa shida yangu. Jumamosi asubuhi mazoezini mimi ndiye ninayeogopwa. Mipira inavuka mtaro, watoto wa jirani ndio wanaturudishia. Ikifika mechi ya Jumapili jioni, uwanja uleule, na mara nyingine mrushaji yuleyule maana tunagawana timu, nageuka mtu mwingine. Miguu mizito, mikono inabana gongo kama kuna mtu ananinyang'anya. Mara tisa mfululizo nimetolewa kwa straiki tatu, yaani mipira mitatu ya halali niliyoikosa au kuiacha ipite. Tisa! Ile ya tisa mdogo wangu alikuja kuangalia, akaondoka kabla sijafika benchi.

Kila mtu ananiambia "tatizo lako ni kichwa, jiamini". Nimeshajiambia "jiamini" mpaka neno limeisha ladha. Anayejua upande wa akili kwenye kupiga anisaidie, ila siyo maneno ya kwenye kanga.

Chalii wa Kijenge, saa 2:31 usiku

Aisee mangi, besiboli tena? Hapa Chuga nikiona mtu na gongo najua ni mlinzi wa duka. Acha hayo mambo urudi kwenye soka, ukikosa goli angalau unamlaumu refa.

Gongo la Pasua, saa 2:35 usiku

Hahaha, hata huku tuna refa chalii wangu. Tena anasimama nyuma yangu kabisa, namsikia akihema.

Mzee Glavu, saa 3:20 usiku

Kijana, karibu. Nilikuwa Dar miaka ile uwanja wa Azania unajengwa kwa msaada wa Wajapani, 2018, na nilikuwa nakwenda pale jioni kuangalia vijana mpaka nikaingia mzimamzima. Nianze na Chalii, maana anacheka kabla ya kupiga hesabu.

Penati inapigwa mita 11 na mpira umetulia chini, unasubiri ridhaa yako. Kwenye besiboli mrushaji yuko mita 18.44 kutoka bamba la nyumbani (pale anaposimama mpigaji), na wale wa ligi kuu ya Marekani wanatupa kilomita 150 kwa saa na zaidi. Mpira wa hivyo unafika kwa sekunde 0.4 hivi. Kulizungusha gongo lenyewe kunakula kama sekunde 0.15. Kilichobaki hapo katikati ndicho kipande cha muda wa kuona, kutambua na kuamua. Na gongo ni la mviringo, unene wake haruhusiwi kuzidi sentimita 6.63, na mpira nao mviringo. Ukikosea upana wa kidole, mpira unakwenda juu mbinguni au unajikokota kwenye majani.

Ndiyo maana anayefanikiwa mara 3 kati ya 10 wanamwita hodari. Mtu wa mwisho kumaliza msimu kwenye ligi mbili zinazounda ligi kuu ya leo, American na National, akiwa na wastani wa 4 kati ya 10 ni Ted Williams wa Boston, na hiyo ilikuwa 1941. Siku ya mwisho ya msimu aliamka na wastani wa .39955, ambao ukikadirishwa unasomeka .400, ndiyo hiyo 4 kati ya 10. Kocha wake alimpa nafasi akae benchi, aibebe rekodi salama. Akakataa. Akacheza mechi zote mbili za siku hiyo, akapata hiti 6 (kupiga mpira na kufika kituo, yaani beisi, salama) katika zamu 8, akamaliza na .406.

Sikwambii hivi ili ujione Williams. Nataka uone kwamba hata huyo, katika zamu 456 za mwaka ule, alikosa 271. Unajihukumu kama mtu anayepiga penati, na mchezo huu hauna hesabu hiyo. Kukosa mara tisa mfululizo kunauma, ila Chris Davis wa Baltimore, aliyekuwa na mkataba wa mamilioni ya dola, alikaa zamu 54 bila hiti hata moja, kuanzia mwishoni mwa 2018 hadi Aprili 2019. Hamsini na nne, kwenye televisheni.

Chalii wa Kijenge, saa 3:26 usiku

54?? Na mshahara unaingia? Nimeanza kuupenda mchezo.

Nesi wa Zamu, saa 4:02 usiku

Mimi besiboli sijui, ila hofu ya mtu mwenye kitu mkononi naijua. Nikiwa mwanafunzi, kumtafuta mgonjwa mshipa huku msimamizi amenisimamia begani ilikuwa kama hivyo unavyoeleza: mkono unabana, macho yanaona kila kitu isipokuwa mshipa. Dada mmoja mkubwa alinifundisha hivi: kabla hujagusa sindano, toa pumzi yote nje, taratibu. Siyo kuvuta. Kutoa. Halafu jipe kazi moja tu, tena ndogo. "Tafuta mshipa" ilikuwa kubwa kwangu. "Gusa hapa kwa kidole" niliiweza.

Mdogo wangu, wewe ukisimama pale unajiambia nini hasa? Tuandikie neno kwa neno.

Gongo la Pasua, saa 4:15 usiku

Dada asante. Nikisema ukweli najiambia: "Usipige ule wa chini nje, usipige ule wa chini nje." Yaani mpira wa chini, upande wa mbali na mwili wangu. Kwa sababu ndio wanaonitolea.

Halafu naupiga.

Boda wa Majengo, saa 4:19 usiku

Kaka umejijibu mwenyewe. Mimi nafundisha vijana kuendesha pikipiki. Mwanafunzi ukimwambia "angalia lile shimo", anakwenda moja kwa moja mpaka ndani ya shimo. Macho yakienda, usukani unafuata. Siku hizi nawaambia "angalia pale penye lami". Shimo silitaji kabisa. Na wewe acha kumtajia ubongo wako huo mpira wa chini nje. Mtajie unaoutaka.

Mzee Glavu, saa 4:40 usiku

Boda, ungezaliwa Marekani ungekuwa unalipwa kwa hilo. Williams alilichora eneo la straiki (nafasi mbele ya mpigaji ambayo mpira ukipita humo ni straiki) likajaa mipira 77, upana 7 na urefu 11, na kila mpira akauandikia wastani anaoamini angepata akipigia pale. Katikati ya moyo aliandika .400. Kona ya chini nje, hapohapo panapokutesa wewe, akaandika .230. Kwa maneno mengine hata yeye pale alikuwa mtu wa kawaida tu. Kanuni yake ilikuwa kusubiri mpira mzuri wa kupiga.

Kwa hiyo zamu ikianza, huna hata straiki moja, chagua eneo lako dogo, tuseme upana wa sahani ya wali, kiunoni, upande wa ndani. Mpira ukija kwenye sahani, piga kwa nguvu zote. Usipokuja kwenye sahani, uache, hata kama refa ataita straiki. Unayo mbili nyingine. Zikifika mbili, sahani inakuwa sinia: unalishika gongo juu kidogo na unalinda eneo lote. Mpango huo unaupanga ukiwa bado nje ya boksi, ule mchoro anaosimama mpigaji. Ukishaingia, mlango wa mawazo umefungwa, kilichobaki ni macho.

Ichiro Suzuki, aliyepata hiti 262 msimu wa 2004 na rekodi hiyo bado ipo, kila zamu alikuwa ananyoosha gongo kuelekea kwa mrushaji na kuvuta kitambaa cha bega la jezi. Kila zamu, miaka yote. Wengine walidhani mbwembwe. Naamini ilikuwa ufunguo wa huo mlango.

Dada wa Rede, Jumanne saa 12:50 asubuhi

Nimechelewa ila nina la kusema. Nacheza softiboli, ndugu yake besiboli, huku Arusha, tuko wachache tunajuana. Kabla ya hapo nilikuwa bingwa wa rede mtaa mzima Ngarenaro, na rede ndiyo iliyonifundisha kupiga.

Wanaume hamjui rede. Uko katikati, wawili wanakulenga huku na huku, na ukisubiri kuona mpira, umeshapigwa. Unachoangalia ni bega la anayerusha, kiwiko, jinsi anavyokanyaga. Mwili wake unakuambia mpira unakwenda wapi kabla haujatoka mkononi. Mpigaji mzuri anafanya hichohicho. Mnajua mwaka 2004 mrushaji wa softiboli Jennie Finch alimtoa Albert Pujols kwa straiki? Na Mike Piazza pia, na Brian Giles. Wapigaji wakubwa kabisa wa wakati ule, na mpira wa softiboli ni mkubwa kuliko wa besiboli. Macho yao yalizoea kusoma mtu anayerusha kwa juu ya bega. Yeye anarusha kwa chini, kutokea nyongani. Kamusi yao yote ikawa haina maana. Haraka ya mikono haikuwasaidia kitu.

Kwa hiyo swali langu, kaka: kabla mpira haujatoka, macho yako yako wapi?

Gongo la Pasua, saa 1:30 asubuhi

Dada hapo umenigusa. Nafikiria tangu asubuhi. Mazoezini namwona mrushaji mpaka vidole. Kwenye mechi namwona yeye, ila mkono ukifika juu nakuwa kama nimefumba macho. Mpira naukuta umeshafika.

Kichwa Ngumu, saa 3:05 asubuhi

Mnamzungusha kijana. Ni woga, basi. Kila mtu anaogopa mbele ya watu. Apige mechi ishirini, utaisha wenyewe.

Mzee Glavu, saa 3:48 asubuhi

Inawezekana, Kichwa Ngumu, lakini mtu anayesema "nakuwa kama nimefumba macho" simpeleki kwa mhubiri kabla sijampeleka kwa mpimaji. Mleta uzi, nijibu haya matatu. Moja, ukiwa umesimama kupiga, nyuma ya mrushaji kuna nini? Mbili, unatazama upande gani wa dunia? Tatu, mguu wako wa mbele, mpira ukija, unakanyaga kuelekea kwa mrushaji au unakimbilia pembeni?

Gongo la Pasua, saa 7:10 mchana

Mzee shikamoo. Moja: nyuma ya mrushaji, mbali kidogo, kuna ukuta wa madarasa, umepakwa chokaa nyeupe mwaka huu. Mbili: mlima uko kushoto kwangu, kwa hiyo natazama mashariki. Tatu... nimemuuliza mdakaji wetu. Anasema nakimbilia pembeni, na kwamba watu wote wanajua ila walikuwa wananionea huruma.

Niseme na hili sikulisema mwanzo. Mwezi wa nne mrushaji alinipiga mbavuni. Ilikuwa Jumapili jioni. Sikuuona kabisa ule mpira. Nililala chali naangalia mawingu, pumzi haiji. Hizo tisa zimeanza baada ya hapo.

Nesi wa Zamu, saa 7:22 mchana

Ulikwenda hospitali?

Gongo la Pasua, saa 7:25 mchana

Nilipaka dawa ya kuchua.

Nesi wa Zamu, saa 7:26 mchana

Mungu wangu, vijana!

Mzee Glavu, saa 10:15 jioni

Marahaba. Sasa tunaongea.

Mashariki hamjakosea. Hata sheria za besiboli zinashauri mstari kutoka bamba la nyumbani hadi beisi ya pili uelekee mashariki-kaskazini-mashariki, ili jua la alasiri lisimwingie mpigaji machoni. Tatizo ni ukuta. Asubuhi jua linatokea nyuma ya madarasa, ukuta unaokuelekea uko kivulini, mpira mweupe unaonekana. Jioni jua limegeuka, linaupiga ukuta usoni, unang'aa kama bati jipya. Mpira mweupe juu ya ukuta mweupe, tena pale pale unapotoka mkononi. Viwanja vikubwa vinaacha kusudi eneo la giza nyuma ya uwanja wa kati, kijani iliyokolea au nyeusi, hakuna mtu kukaa pale, kwa ajili ya macho ya mpigaji peke yake.

Na ule mwanzo ndio unaohitajika. Mwaka 1984 watafiti wawili, Bahill na LaRitz, walipima macho ya wapigaji wakifuatilia mpira. Yule mchezaji wa kulipwa aliupoteza ukiwa umebakiza futi 5 na nusu kumfikia. Wanafunzi waliupoteza mapema zaidi. Ule wimbo wa makocha, "uangalie mpira mpaka ugonge gongo", macho ya binadamu hayauwezi. Mwisho wa safari unaukisia kutokana na mwanzo. Mwanzo ukimezwa na chokaa, unakisia kutokana na nini?

Halafu ongeza mbavu. Mwili wako siyo mwoga, una akili. Unajua kuna kitu kigumu kinakuja, haukioni, na mara ya mwisho kiliuma. Unachoka kuulaumu, unauambia "jiamini". Ungekuwa wewe ndio mguu ungefanyaje? Ungekimbia.

Kichwa Ngumu, saa 10:40 jioni

Mzee nakuheshimu, lakini ukuta ni uleule kwa wote. Wenzake wanapigaje?

Mzee Glavu, saa 10:52 jioni

Wenzake hawajapigwa mbavuni. Mwenye kuumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Na nina shaka hata hao wenzake jioni wanapiga vizuri kiasi hicho. Mleta uzi ahesabu, atuambie.

Gongo la Pasua, saa 2:00 usiku

Tunaandika kwenye daftari kila mechi. Nimehesabu. Jioni timu zote mbili tunapiga ovyo. Tulikuwa tunajua ni warushaji wetu wamekuwa wakali.

Dada wa Rede, saa 2:18 usiku

😂 Warushaji wenu waulizwe kama na wao wanajua.

Ila kaka, ukuta ukiondoka mguu hautarudi wenyewe. Mimi nilipigwa kwenye mkono nikakaa wiki tatu nikikimbia hivyohivyo. Kilichonisaidia: mwenzangu alinirushia mipira laini ya tenisi, mingine makusudi kwenye mwili, na kazi yangu ilikuwa kugeuza bega la mbele kwa ndani na kuupokea mgongoni. Kupiga haikuruhusiwa. Nilipokubali kwamba nikipigwa najua cha kufanya, mguu ukatulia. Halafu tukaweka fimbo chini nyuma ya kisigino changu, nikikimbia naikanyaga.

Na vaa kofia ngumu kila mara, hata mazoezini. Ray Chapman alipigwa kichwani mwaka 1920 akafa kesho yake. Huo woga una sababu, usiudharau. Upe kazi.

Boda wa Majengo, saa 2:30 usiku

"Upe kazi." Naiandika kwenye tangi la pikipiki.

Mzee Glavu, saa 3:11 usiku

Dada kamaliza. Naongeza mawili madogo ya Jumapili. Hank Aaron, mwenye hom-ran 755 (mapigo ya kuzunguka beisi zote), akiwa anasubiri zamu alikuwa anajifunika kofia usoni na kumtazama mrushaji kupitia tundu dogo la kofia, ili asione kitu kingine. Jaribu, ni bure. La pili, tafuta kitu kimoja uwanjani kisichosogea. Evan Longoria alikuwa akichemka anatoka nje ya boksi, anaangalia mlingoti wa pembeni wa uwanja wa kushoto, anatoa pumzi, anarudi. Wewe usichague mlima, utajifunika mawingu wakati unauhitaji. Chagua mlingoti wa goli.

Ukikosa, ruhusa ya kukasirika iishe kabla hujagusa benchi.

Gongo la Pasua, Jumapili saa 3:40 usiku

Wakuu, ripoti.

Wiki nzima jioni nimepigwa mipira ya tenisi na mdogo wangu, ameifurahia kuliko ilivyostahili. Leo tumetundika turubai la kijani kwenye ukuta, sawa na mkono wa mrushaji unapotokea. Mwalimu wa zamu alikuja kuuliza tunamzika nani.

Zamu ya kwanza: straiki tatu. Imekuwa ya kumi. Lakini niliona mipira yote mitatu ikitoka mkononi, na ule wa mwisho niliuacha kwa sababu haukuwa kwenye sahani. Refa akasema straiki. Nikaangalia mlingoti wa goli. Ukweli nilitamani kulia, ila nilitoa pumzi.

Zamu ya pili: faulo tano, yaani niliugusa ukaenda nje ya mistari! Sijawahi. Wa sita nikaupiga chini ukaishia kwa mlinzi wa beisi ya pili, nikatoka. Benchi walishangilia kama nimefunga goli.

Ya tatu mpira wa kwanza ulikuja ndani kabisa, karibu na mbavu zilezile. Nikageuza bega, nikakosa mizani, nikaanguka kwa makalio. Ukapita. Nikacheka mwenyewe pale chini, sijui kwa nini. Unaofuata ulikuja kwenye sahani, kiunoni. Sikumbuki kuamua. Nakumbuka mlio tu, na mpira unapita juu ya kichwa cha mrushaji kwenda kugonga turubai.

Ya nne nilitembea bure hadi beisi ya kwanza, bolu nne (mipira minne nje ya eneo la straiki). Fimbo niliikanyaga mara moja.

Dada wa Rede, saa 3:44 usiku

Vigelegele kutoka Ngarenaro! Njooni Arusha mcheze na sisi, tutawarushia kwa chini.

Kichwa Ngumu, saa 3:50 usiku

Hiti moja. Tusubiri mechi ishirini. (Hongera lakini.)

Chalii wa Kijenge, saa 3:52 usiku

Hilo turubai mmelitoa wapi? Nauliza kwa sababu na mimi nataka kuanza.

Gongo la Pasua, saa 4:05 usiku

La mama, la kuanikia mahindi. Hajajua bado. Lina alama moja ya mpira katikati, naisugua hapa.